Sabasaba kati ya Mlima Rungwe na Ziwa Nyasa: namna tunavyozipanga siku nne

Mwaka huu wa 2026 Sabasaba inaangukia Jumanne, na mtu yeyote aliyeajiriwa Dar es Salaam anaelewa maana yake bila kuelezwa: ukiombewa dua bosi akakupa ruhusa ya Jumatatu moja tu, unapata siku nne mfululizo, kuanzia Jumamosi tarehe 4 hadi Jumanne tarehe 7 Julai. Wengi watazitumia kwenye viwanja vya maonyesho pale Barabara ya Kilwa, na sina ugomvi nao. Sisi, kundi dogo la ndugu na wafanyakazi wenzangu, tumeamua kuelekea Rungwe, mkoani Mbeya, kupanda mlima tukiwa na mizigo yetu mgongoni, kulala usiku mmoja huko juu, kisha kushuka hadi Matema kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa kabla ya kurudi mjini. Ninaandika mpango huu mapema kwa sababu watu wameniuliza mno jinsi safari ya namna hii inavyowezekana kwa mfanyakazi wa kawaida, na kwa sababu mabishano yetu ya wiki kadhaa yamenifundisha kwamba kazi kubwa ya kupanga safari fupi ni kukata.

Orodha ya kwanza iliyotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp ilikuwa na kila kitu ambacho ramani ya kusini inaweza kumtamanisha mtu: Ziwa Ngosi, Mlima Rungwe, Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira, Ziwa Masoko lenye hadithi zake za mali ya Wajerumani iliyozamishwa, na Matema. Ukiisoma orodha hiyo ukiwa umekaa Mwenge unaona ni mambo ya jirani kwa jirani. Ukweli ni kwamba kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kabla hujaanza kuhesabu milima inakubidi uhesabu barabara: Mikumi, ambako magari hupunguza mwendo kwa ajili ya wanyama, mlima wa Kitonga, ambako lori moja likiharibika foleni husimama, na ule mwendo mrefu wa baada ya Mafinga ambao hauishi.

Kwa hiyo tulianza kupanga kutoka nyuma. Swali la kwanza halikuwa tutaona nini, bali tutapanda basi gani la kurudi. Kijana mmoja wa kundi, ambaye bado hana mtoto wala mkopo, alipendekeza tuondoke Kyela Jumanne jioni, tusafiri usiku kucha, tufike Stendi ya Magufuli Mbezi Jumatano asubuhi na kwenda moja kwa moja kazini. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku jambo hilo linawezekana, lakini nililikataa, na nitaendelea kulikataa. Mtu aliyetoka mlimani hawezi kukaa kwenye kiti usiku mzima, akakutana na foleni ya Kimara saa moja asubuhi, kisha akategemewa kuandika ripoti. Tutarudi kwa basi la mchana linaloondoka Kyela alfajiri ya Jumanne, tufike usiku na kulala kwenye vitanda vyetu. Uamuzi huo mmoja ulifuta nusu ya orodha, kwa kuwa maana yake ni kwamba Jumanne yote ni ya barabara, na Jumatatu jioni ni lazima tuwe tayari kando ya ziwa.

Kitulo iliondoka kwa sababu nyingine. Binamu yangu aliipigania kwa nguvu, na ninamwelewa: ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya kulinda maua, wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na uwanda wake uko kwenye kimo cha mita 2,600 hivi. Lakini maua hayo hufuata mvua. Huchanua kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, okidi zikiwemo, na anayekwenda Julai atakuta nyasi, upepo na umande ulioganda asubuhi. Uzuri upo hata wakati huo, ila si ule aliokuwa akitutumia picha zake. Kuna pia njia ya miguu inayotoka uwanda wa Kitulo, kuvuka Milima ya Livingstone na kuteremka hadi Matema, ambayo wengine huielezea kama matembezi ya nusu siku. Ziwa Nyasa liko kwenye kimo kisichofika mita 500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo huo ni mteremko wa zaidi ya mita 2,000, na magoti yaliyozoea lifti za Posta hayaushuki kwa nusu siku yakiwa na begi la kilo 12 juu yake. Njia hiyo inahitaji safari yake yenyewe, ikiwezekana wakati wa Pasaka, maua yakiwa bado yapo.

Kilichobaki kina mantiki ya kijiografia inayonifurahisha. Barabara ya lami inayochepuka Uyole kuelekea Tukuyu na Kyela hupita katikati ya volkano mbili zilizolala: Ngosi iko upande wa magharibi na Rungwe upande wa mashariki, na kijiji cha Isongole kipo hapo kati. Basi la Kyela litokalo Dar es Salaam hupita njia hiyo hiyo, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda hadi stendi ya Mbeya mjini, kutafuta usafiri mwingine na kurudi nyuma. Tutaondoka Mbezi Ijumaa usiku, na kama barabara itatutendea haki tutashuka Isongole Jumamosi kabla ya mchana tukiwa na mizigo yetu yote.

Jumamosi mchana ni ya Ngosi. Ziwa hili limo ndani ya kaldera, yaani shimo kubwa lililobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka, na mtu hulitazama kwa mara ya kwanza kutoka ukingoni, maji ya kijani yakiwa mbali chini, kuta za msitu zikiyazunguka pande zote. Njia ya kupanda hupita kwenye msitu mnene wenye mizizi na udongo unaoteleza hata wakati wa kiangazi, lakini si ndefu, na mtu mwenye afya ya wastani huenda na kurudi ndani ya mchana mmoja. Mizigo mikubwa tutaiacha kwa mwenyeji wetu kijijini. Tumekubaliana pia kwamba basi likichelewa na kufika baada ya saa nane mchana, Ngosi inafutwa papo hapo bila kikao kingine, kwa sababu giza huingia mapema ndani ya msitu na sitaki kuongoza watu wazima wanaotafuta njia kwa tochi za simu.

Hivyo ndivyo mpango mzima ulivyosukwa. Mwanzoni pana Ngosi, ambayo inaweza kufutwa. Mwishoni pana ziwa kubwa, ambalo linaweza kupunguzwa kutoka alasiri nzima hadi saa moja la kunawa miguu. Katikati pana Mlima Rungwe, na huo hatutaugusa, kwa sababu mlima haukubali kufupishwa: ama unapata muda wa kupanda, kulala na kushuka salama, ama unabaki chini. Nimeona mipango mingi ya wikiendi ndefu iliyokazwa pande zote, ambapo tairi moja likipasuka Makambako kila kitu kinachofuata kinavurugika hadi siku ya mwisho.

Rungwe wenyewe una kimo cha karibu mita 3,000, na sehemu yake kubwa ni hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hii ina maana kwamba huwezi kujitokea tu na begi lako ukaingia. Unahitaji kibali, unahitaji kulipia kiingilio kwa namba ya malipo ya serikali, na unahitaji mwongozaji anayeijua njia. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Tukuyu, amekwisha kuzungumza na ofisi ya wilaya na kupata mwongozaji, na jambo la kwanza aliloulizwa ni kama tunakusudia kuwasha moto. Jibu letu ni hapana. Julai ni kiangazi, nyasi za juu zimekauka, na kundi la watu wa mjini linaloota moto kwa furaha ni jambo la mwisho ambalo msitu huo unalihitaji.

Msitu huo una mkazi mmoja ambaye ningependa kila mmoja wetu amjue kabla ya kufika. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani fulani mwenye aibu aitwaye kipunji. Wanasayansi hawakuwa wakimfahamu. Alitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka uliofuata, baada ya kuchunguzwa zaidi, aliwekwa kwenye jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa nyani yeyote wa Afrika tangu 1923. Anapatikana Tanzania tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone na sehemu ndogo ya Udzungwa. Sitarajii tumwone, kwa kuwa ni wachache mno na hukaa juu kwenye matawi. Hata hivyo nimewaambia wenzangu kwamba spika za muziki zitabaki Dar es Salaam, na hapo hatukupiga kura.

Jumapili tutaanza kupanda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mara tu mwanga unapotosha. Njia hupita mashamba ya viazi na migomba, kisha msitu, kisha mianzi, na hatimaye nyasi na vichaka vya juu. Tutapiga hema mahali tutakapoonyeshwa na askari wa msitu, chini kidogo ya eneo la wazi ili miti itukinge na upepo, na kilele tutakiendea Jumatatu alfajiri bila mizigo. Saa sita mchana tunapaswa kuwa tumekwisha kushuka barabarani.

Kuhusu baridi nitasema kwa kirefu, kwa sababu ndiyo inayowashinda watu wa pwani kuliko mwinuko wenyewe. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi joto 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ukichukua alfajiri ya Julai hapa Dar es Salaam, ambapo sisi tayari tunatafuta sweta kwa nyuzi 19, na ukaondoa nyuzi 17 au 18, unapata hali ya hewa inayofanana na ndani ya friji, na hapo sijauhesabu upepo. Nguo za pamba zikilowa jasho au ukungu hushika maji na kukunyonya joto la mwili, na suruali ya jinzi ni mbaya kuliko zote kwa kuwa haikauki hadi urudi nyumbani. Nimewaomba wote wavae nguo za michezo za nailoni au poliesta mwilini, sweta ya sufu au flisi juu yake, na koti lisilopitisha maji juu ya vyote. Seti moja kavu ya kulalia ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiofunguliwa hadi usiku, hata kama mtu analia.

Vitu hivi vyote vinapatikana mitumba, na asubuhi moja sokoni Karume itakuvalisha vizuri kuliko duka lolote la Masaki. Tahadhari yangu ni kwenye viatu. Viatu vya kupandia mlima vya mitumba huonekana imara kwa nje, ngozi nene na kamba nzima, huku sponji iliyo kati ya soli na kiatu ikiwa imekwisha kuoza. Sponji ile ikikaa miaka mingi, hasa mahali penye joto na unyevu kama mji wetu, hugeuka unga taratibu bila hata kuvaliwa. Kabla ya kulipa, shika kiatu kwa mikono miwili, kikunje katikati kwa nguvu mara kadhaa, kisha bonyeza ubavu wa soli kwa ukucha wa kidole gumba. Kikitoa mipasuko midogo kama ya udongo mkavu, au ukucha ukiacha shimo lisilorudi, mrudishie muuzaji kwa heshima hata kama ameshuka bei hadi ya soda. Soli ya namna hiyo hubanduka yote kwa pamoja, na haichagui mahali pa kufanyia hivyo.

Mwili nao unahitaji kuandaliwa, na hapa jiji letu halitusaidii kwa kuwa ni tambarare tupu. Tunakwenda msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, ambako kuna vilima vya kutosha kumtoa mtu jasho, na tunakwenda na mabegi yaliyojazwa uzito uleule tutakaoubeba Rungwe. Lengo letu ni kwamba begi la mtu lisizidi moja ya tano ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 hubeba 12, na katika hizo lita tatu za maji ni kilo tatu kamili, kwa hiyo kinachobaki kwa hema, mfuko wa kulalia na chakula ni kidogo kuliko anavyodhani. Mazoezi ya Pugu ndiyo yaliyomshawishi shemeji yangu kuacha sufuria kubwa na kiti cha kukunja.

Chakula tumekifanya chepesi kwa makusudi. Mabasi hayaruhusu mitungi ya gesi, na mitungi inayouzwa Mbeya ni mizito kwa usiku mmoja. Zaidi ya hayo, maji yakiwa juu ya mlima huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, takriban nyuzi 91 kwenye kimo tutakacholala, na mtu atakayejaribu kuchemsha maharage huko atakula mawe. Tutabeba chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, tende, parachichi za Tukuyu ambazo hazina mpinzani, na chupa za chai zilizojazwa tangawizi kijijini Jumapili asubuhi. Jiko moja dogo la spiriti litakuwepo kwa ajili ya uji wa alfajiri, ikiwa askari wa msitu ataridhia. Asiporidhia, tutakunywa chai iliyopoa na tutapona.

Jumatatu baada ya kushuka, gari la kukodi litatuchukua kupitia Tukuyu na Ipinda hadi Matema, na ndani ya mchana mmoja tutakuwa tumetoka kwenye koti zito hadi kwenye joto la mpunga na kakao la Kyela. Ziwa Nyasa ni la tatu kwa ukubwa Afrika, kina chake hufika mita 700 hivi, na hakuna ziwa jingine duniani lenye aina nyingi za samaki kuliko hilo. Milima ya Livingstone inasimama wima kando ya maji upande wa mashariki, na chini yake ndipo wanapoishi Wakisi, wafinyanzi wa vyungu vinavyosifika nyanda zote za kusini. Soko la vyungu la Lyulilo hufanyika Jumamosi, kwa hiyo tutalikosa, na kwa upande wa mizigo yetu nashukuru. Samaki wa jioni, mbasa akipatikana, tumemwagiza kabla kwa mama mmoja mwenye mgahawa ufukweni, kwa kuwa kundi lenye njaa likifika saa kumi na moja bila taarifa hula kilichobaki.

Mambo mawili ya afya hayana mjadala. Kyela kuna mbu na kuna malaria, kwa hiyo vyandarua vitakwenda pamoja nasi na dawa ya kufukuza mbu itapakwa kabla ya jua kuzama. Pili ni kichocho, ambacho kimo sehemu kadhaa za ziwa hili: tutaogelea kwenye mchanga ulio wazi tu, mbali na majani na maji yaliyotuama, na yeyote aliyeingia majini atapima baada ya wiki kadhaa. Kuhusu mamba tutawauliza wavuvi, hasa kwa maeneo ya karibu na midomo ya mito, na watakalosema ndilo litakalofuatwa.

Ratiba yote, pamoja na majina yetu, namba ya mwongozaji na saa tunayotarajia kushuka mlimani, itabaki kwa dada yangu Tabata. Ikifika Jumatatu saa kumi jioni bila simu yetu, atampigia mwongozaji, na asipompata atapiga ofisi ya misitu. Ramani tumekwisha kuzipakua ili zifanye kazi bila intaneti, na pawabenki mbili zinatosha kundi zima endapo watu wataacha kurekodi kila mti.

Kwa sasa tiketi za kwenda zimekatwa, na za kurudi tunazikata wiki hii kabla Kyela haijajaa wanaorudi mjini baada ya sikukuu. Mweka hazina wetu bado anawadai watu wawili michango yao, na amewapa hadi Ijumaa kabla ya kugawa nafasi zao kwa walio kwenye orodha ya kusubiri. Wanajijua.